Anésie Hakuomba Radhi

Watu wa Mwamgongo humsikia Anésie Harerimana kabla ya kumwona. Akiwa mwaloni anageuza dagaa mchangani, aliye juu kwenye mashamba ya mihogo humsikia akibishana na wachuuzi waliopanda boti kutoka Kigoma kuja kulangua. Ukimkuta leo unaweza kudhani alitoka tumboni na sauti ile. Sivyo. Wenye umri wake wanamkumbuka akiwa mtoto mkimya kama mtungi.

Alifika mwaka sabini na mbili, akiwa mgongoni kwa mama yake, siku zile watu walipokuwa wakiikimbia Burundi kwa mitumbwi, wakiambaa na ukingo wa ziwa. Dada yake Clementina alikuwa na miaka minne au mitano, akashushwa mtumbwini kwa miguu yake mwenyewe. Wengi waliofika wakati ule walipelekwa kwenye makazi ya mbali. Mama yao hakwenda. Alipata kipande cha shamba kwa mzee mmoja wa kijiji, akajenga kibanda, na binti zake akawapa onyo moja: mkiulizwa, semeni ninyi ni Waha, mkiulizwa zaidi, nyamazeni. Kiha na Kirundi vimekaribiana mno, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema hivyo. Na kunyamaza walikuzoea.

Clementina aliolewa na Bonaventura, mtoto wa watu wenye mitumbwi yao na taa zao za kuvulia, mtu aliyekuja baadaye kuwa mwenyekiti wa kigango, lile kanisa dogo la kijiji. Anésie aliolewa na Leonardi, Muha wa hapo hapo, fundi wa injini za boti. Leonardi ni mpole, mikono yake hunuka petroli hata akitoka kuoga, na kitu anachokiogopa kuliko dhoruba ya ziwani ni maneno ya watu.

Miaka ikapita hivyo, hadi Clementina alipoanza kuumwa.

Ilikuwa damu kwanza. Ilimtoka siku zisizo zake, na hasa baada ya kulala na mumewe. Baadaye yakaja maji yenye harufu, kisha maumivu ya kiuno yaliyomfanya atembee ameinama kama bibi kizee. Bonaventura alimletea mitishamba, akaita watu wa sala, mwishowe akamleta mganga aliyesema kuna mtu amemtupia kitu njiani. Harufu ilipozidi hadi wageni wakawa hawakai ndani, Bonaventura alimpandisha mkewe kwenye machela pamoja na godoro lake, akamleta kwa Anésie.

“Shemeji, muuguze wewe,” alisema akiwa amesimama mlangoni. “Mwanamke anauguzwa na damu yake.”

Alirudi kuchukua maiti.

Kijijini ilisemwa ni uchawi, na waliotaka kuwa na adabu walisema ni tumbo. Anésie, aliyekuwa akibadilisha vitambaa vya dada yake na kuvifua mbali na watu, alijua wazi kwamba si tumbo. Ila jina la kitu chenyewe hakuwa nalo, na asiye na jina la kitu atasema nini?

Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena. Watu walimiminika Kagunga, kaskazini mwa Mwamgongo, wakalala ufukweni kwa maelfu hadi meli ikaanza kuwabeba kwenda Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka kambini Nyarugusu. Miongoni mwao alikuwa binti mmoja mwenye karibu miaka thelathini, Ella, mjane, aliyekuwa na mama yake. Mama alipanda meli. Ella alibaki, kwa sababu Bonaventura, aliyekwenda Kagunga na mtumbwi wake kuuza samaki, alimwona akampenda. Alimwoa bila kelele nyingi, akamweka katika nyumba ile ile aliyoishi na Clementina.

Ella alikuwa mpole. Alimwita Anésie dada na kumsaidia kuanika dagaa. Lakini Anésie aliona jinsi alivyokuwa akiruka kila Bonaventura alipoita. Mara moja alimsikia shemeji yake akisema, tena kwa utulivu kabisa, “Wewe unakaa hapa kwa jina langu. Nikilitoa, unajua gari la kambini linapita wapi.”

Mwaka wa pili baada ya hapo ndipo timu ya afya ilipokuja na boti. Mtu wao alizunguka na kipaza sauti akitangaza kwamba kwenye zahanati kutakuwa na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, bure, kwa wanawake wa miaka thelathini hadi hamsini, hata wasioumwa chochote. Kabla hajamaliza mzunguko, habari nyingine ilikuwa imemtangulia. Walisema hao wamekuja kuhesabu Warundi. Wakasema pia kuna chuma kinachoingizwa ndani na kutoka na kizazi cha mtu. Wanawake wakakumbuka kazi zao za shamba.

Anésie aliinuka pale mchangani, akakung'uta magamba kwenye kitenge chake. Leonardi alikuwa karibu, amefungua injini ya mtu.

“Unakwenda wapi, mama Benedict?”

“Kupimwa.”

“Kwani unaumwa?”

“Sijui. Ndiyo maana naenda.”

Leonardi alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. “Watu watasemaje?”

“Waseme. Mdomo ni wao, mwili ni wangu.”

Zahanati ilikuwa tupu. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Upare, Elinipa, ambaye serikali ilimpangia kazi Kigoma, na hadi wakati ule alikuwa hajazoea watu wanaosema haraka hivyo. Alimkaribisha, akamwomba jina.

“Anésie Harerimana,” alisema, kidevu juu. “Andika hivyo hivyo lilivyo. Na kama unataka kujua nilizaliwa wapi, niulize, nitakujibu.”

Elinipa aliweka kalamu chini. “Mama, mimi sikuulizi ulizaliwa wapi. Nataka kujua wewe umezaa mara ngapi.”

Anésie alicheka, na ule ubishi aliokuja nao ukapata pa kukaa.

Nesi alimwonyesha chuma chenyewe kabla ya kukitumia, akamwachia akishike, akione kinavyofunguka na kufunga. Alimweleza kwamba atakitumia ili aone mlango wa kizazi kwa macho, kisha apake siki.

“Siki ya kachumbari?”

“Hiyo hiyo, ila imepimwa kiasi chake. Sehemu yenye afya haibadiliki rangi. Penye shida panakuwa peupe.”

Alipanda kitandani, akajifunika kanga, akatazama bati. Chuma kilikuwa cha baridi na hakikuwa raha, lakini hakikuuma kama alivyojiandaa. Elinipa alipaka, akasubiri, akamulika.

“Kuna weupe hapa, mama.”

“Nitakufa?”

“Hapana. Nisikilize vizuri. Hii bado si saratani. Ni mahali ambapo saratani ingeweza kuanza ikiachwa, pengine baada ya miaka mingi. Kwa ukubwa huu naweza kupagandisha leo kwa mashine ya baridi, pafe, pakue upya. Wanaokuja wanaumwa tayari ndio wanaotupa shida.”

Akiwa bado amelala vile vile, Anésie alimweleza yote ya Clementina: damu, maji, kiuno, harufu, na yule mganga. Elinipa alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

“Siwezi kumpima marehemu,” alisema. “Lakini unayonieleza ndivyo saratani hii inavyokuwa ikichelewa.”

“Kwa hiyo hakuna aliyemroga.”

“Inaletwa na kirusi, mama. Kinapita mwilini kwa kujamiiana. Mwanaume anaweza kukibeba na asiumwe hata siku moja, wala asijue kama anacho. Wengi wetu tunakipata na mwili unakifukuza wenyewe. Kwa wengine kinakaa. Na usikubali mtu akwambie ni ugonjwa wa malaya. Mwanamke anaweza kuwa na mume mmoja maisha yake yote na akaupata.”

Elinipa aliendelea kueleza mambo ya mashine, lakini mawazo ya Anésie yalikuwa yamekwisha kutoka zahanati. Yalikuwa kwa Ella, katika nyumba ya Bonaventura.

Aligandishwa siku ile ile. Tumbo lilimkaza kama la hedhi, akapewa dawa, akaambiwa atatokwa na maji maji kwa muda na asilale na mumewe kwa wiki kadhaa hadi apone, kisha arudi kupimwa baada ya mwaka. Nyumbani alimwambia Leonardi kila kitu, bila kupaka asali. Leonardi alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mwishowe akasema, “Basi kesho maji nitachota mimi.” Akachota kweli, mchana kweupe, na vijana wakamcheka.

Wanawake walimzunguka Anésie mwaloni kumuuliza yaliyompata. Zamani angesema tumbo. Safari hii alisimama katikati ya dagaa na kusema kwa sauti ile anayoitumia kwa wachuuzi: “Ni mlango wa kizazi! Nimepimwa, nimetibiwa, na kizazi changu ninacho. Na Clementina alikufa kwa ugonjwa huo huo. Hakurogwa. Angepimwa mapema, huenda tungekuwa naye hapa anatuchekesha.”

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliinamisha vichwa kama mvua imeanza kunyesha. Ella, aliyekuwa amebeba beseni, alisimama asijue aliweke wapi.

Jioni ile alikuja jikoni kwa Anésie, akakaa karibu na moto, akachokoa majivu kwa kijiti.

“Dada, hata mimi inanitoka. Baada ya… baada ya kulala naye.”

“Amejua?”

“Nilimwomba ruhusa niende kupimwa. Akasema atakayempima mke wake ni yeye.”

Timu ilikuwa imekwisha kuondoka. Elinipa alikuwa amemwambia Anésie kwamba yupo Kigoma mjini, katika kliniki ya wanawake, na mlango uko wazi.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, katekista alisoma jina la Anésie Harerimana: anaombwa abaki, wazee wa kigango wana neno naye. Hakuna aliyetoka. Hata wale ambao kwa kawaida hukimbilia mlangoni kabla ya wimbo wa mwisho walipata sababu ya kukaa.

Bonaventura alisimama mbele, amevaa koti lake la sherehe. Alisema kwa upole kwamba kijiji kimesikitika. Mwanamke mtu mzima, mama wa watoto, amesimama mwaloni na kutaja sehemu za siri mbele ya wanaume na watoto. Amemchafua marehemu ambaye hawezi kujitetea. Kigango hakitaki makubwa, kinataka aombe radhi, yaishe.

“Oya,” alisema Anésie. Ndiyo hapana yao, ya Kiha na ya Kirundi pia, na haikuhitaji mkalimani.

“Shemeji…”

“Oya. Marehemu nilimwosha mimi, Bonaventura. Vitambaa vyake nilifua mimi. Miezi yote aliyolala kwangu, wewe ulipita njia ya juu ili usisikie harufu. Sasa aliyemchafua ni nani? Mimi nimesema ugonjwa uliomuua. Kuna dhambi gani kutaja mahali tulipopita sisi sote tukija duniani? Hata wewe na koti lako.”

Mtu alicheka nyuma, akajifanya kukohoa. Bonaventura alikunja uso, akarudi nyuma hadi akaegemea ukuta. Waliokuwa mbele wanasema haikuwa hasira peke yake. Alikuwa amempenda Clementina, kwa namna yake ya kukimbia, na kwa miaka yote ile alikuwa ameegemea neno uchawi ili aweze kulala. Sasa limeondolewa, na yeye akashika neno lingine lililokuwa karibu.

“Kumbuka wewe ni mgeni hapa,” alisema. “Siku hizi Warundi wanachukuliwa, wanapelekwa kambini. Mtu mgeni hapandishi sauti.”

Kila familia pale ilikuwa na bibi au mkwe aliyetoka ng'ambo ile, na kila mmoja alikuwa akikumbuka msako wa miaka ya tisini, watu walipotolewa vijijini na kupandishwa malori.

“Nimekuwa mgeni hapa tangu sijaota meno,” alijibu Anésie. “Matofali ya ukuta huo unaoegemea niliyabeba kichwani. Watoto wa humu ndani nimewapokea wakizaliwa, wengine mama zao wakiwa wananing'ang'ania shingo. Mwite mwenye gari la kambini aje. Nitamwambia jina langu, kisha nitamwambia hayo hayo niliyosema mwaloni.”

Hapo Leonardi akainuka. Katika maisha yake hakuwahi kusema kitu kanisani ila Amina.

“Mimi nataka kuuliza tu,” alisema, akitazama viatu vyake. “Mke wangu akipelekwa kambini, mimi nitamfuata. Sasa hizi injini zenu mtakuwa mnampelekea nani?”

Safari hii hawakujificha kucheka. Wenye boti walikuwa wengi mle ndani, na wote walijua kwamba kutoka pale hadi Kibirizi, zinakotia nanga boti za Kigoma, hakuna fundi mwingine wa maana. Wazee wawili walianza kunong'onezana, mmoja akasema jambo hili si la kigango, ni la zahanati. Anésie hakungoja wamalize. Aligeuka kuelekea benchi la wanawake, akamtafuta Ella kwa macho.

“Kesho asubuhi napanda boti kwenda Kigoma. Wa kukaa pembeni yangu nimemwekea nafasi.”

Asubuhi hiyo mwalo ulikuwa umejaa kuliko siku ya soko. Anésie alikuwa amekwisha kuketi botini, mizigo ya mawese miguuni, na Leonardi alikuwa akiihangaikia injini ambayo haikuwa na ubovu wowote, ili mwenye boti asiwahi kuondoka. Ella alishuka kutoka nyumbani na furushi dogo. Bonaventura alikuwa nyuma yake, hakumgusa, lakini aliongea ili kila mtu asikie.

“Ukipanda hiyo boti usirudi kwangu.”

Ella alisimama, maji yakimlamba miguu. “Ego,” alisema, ndiyo ya kwao. “Nimesikia.” Akainua kitenge chake hadi magotini, akapanda.

Leonardi akasema injini imepona.

Kigoma hapakuwa pepesi pia. Kijana wa mapokezi alimsikia Ella akijibu swali la kwanza, akaitambua lafudhi, akasukuma karatasi zake pembeni. Mkimbizi, alisema, anatibiwa kambini, na huyu hana hata kadi ya kambi; ataandikwaje? Ella alianza kuinuka. Anésie alimshika kitenge akamketisha.

“Andika kwamba ni mwanamke na anatokwa damu. Hayo mengine mtayajaza mkiwa na nafasi.”

“Mama, kuna utaratibu.”

“Mwanangu, nami nina wangu. Naketi hapa. Jioni mtakapofunga mlango mtanifungia ndani, na kesho utanikuta.”

Aliketi kweli, katikati kabisa ya benchi, akafungua kifurushi cha mihogo ya kuchemsha na kuanza kuwagawia wanawake waliokuwa kwenye foleni. Mihogo ilikuwa haijaisha, benchi zima lilikuwa limekwisha kuijua habari ya Ella na kuanza kumtolea kijana macho. Kijana akaenda mwenyewe kumwita nesi. Elinipa alitoka, akamwona Anésie, akatikisa kichwa huku akitabasamu, na kumwambia kijana kwamba atakayeulizwa ni yeye Elinipa.

Weupe wa Ella ulikuwa mkubwa, umeingia ndani kuliko mashine ya baridi inavyoweza kufika. Daktari alichukua kinyama kidogo kikapimwe, na majibu yakachukua wiki kadhaa kurudi. Wiki hizo Ella alikaa kwa Anésie, katika chumba kile alichofia Clementina. Anésie alikuwa amekipaka chokaa na kutoboa dirisha la pili. Wakati mwingine Ella aliamka akilia, akisema ataoza kama yule mwingine. Anésie hakumwambia anyamaze. Neno hilo alikuwa amelisikia vya kutosha utotoni.

Majibu yalisema imebaki kidogo tu iwe saratani, lakini haijawa. Walirudi Kigoma, daktari akaikata sehemu ile kwa waya wa umeme, wakampa Ella siku za kuja kuangaliwa. Alipopimwa tena baadaye, palikuwa safi.

Bonaventura alikuja kumtaka mkewe. Alikuja kwa heshima, na kuku mkononi, akaketi kwa Leonardi, akasema yaliyopita yamepita. Ella alimsikiliza. Akamuuliza kama yuko tayari kusema kanisani Clementina alikufa kwa nini. Bonaventura alisema hilo hawezi. Wakamrudishia kuku wake.

Kisha Ella akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Kwenye ile kambi aliyokuwa akitishiwa nayo alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, kumfuata mama yake. Leonardi alimsindikiza hadi basini. Huwa anapiga simu, mtandao ukikubali, na kumwambia Anésie ni wanawake gani wa safu yake ya nyumba kambini amewapeleka kupimwa na ni yupi aliyemkasirikia.

Timu ya afya iliporudi Mwamgongo, foleni ya zahanati ilifika nje hadi kwenye mgomba. Wake wa wazee wa kigango walikuwamo, wamejifunika nyuso kwa kanga kana kwamba hakuna atakayewatambua kwa miguu. Anésie alipimwa akakutwa hana kitu. Hakuondoka. Alikaa pale mlangoni kwenye kigoda akichambua maharage, na kila aliyetoka alimuuliza kwa sauti ya kusikika barabarani, “Vipi, kizazi kimeng'olewa?” Nao walikuwa wakimjibu kwa sauti, wakicheka, mbele ya wanaume waliokuwa wakipita na nyavu zao.

Radhi hajaomba hadi leo. Bonaventura bado ni mwenyekiti, na wanaketi katika kanisa lile lile.